Fundi Viti Aliyevuta Kila Mkanda

Kila nikipanda basi, kabla sijaketi, naingiza mkono chini ya kiti kutafuta bolti. Konda mmoja aliwahi kuniuliza, "Mama, unatafuta nini huko, kunguni?" Tabia hiyo niliipata kwa Fundi Viti, jirani yangu wa miaka mingi pale Sogea, Tunduma. Siku hizi nikiikumbuka sauti yake ikisema "Vuta, vuta tena," nauvuta mkanda mara mbili mbele za watu, mtu mzima mimi.

Nimeanza na bolti makusudi. Kwa muda mrefu niliokaa naye nilikuwa na jambo la kumwambia, nalo lilihusu kiti kimoja cha basi dogo la Kosta ambacho mkanda wake haukuwa na bolti, na mwanamke aliyekikalia. Kila asubuhi nilifungua kibanda changu nikijiambia leo namwambia. Nilifunga sijamwambia. Niliogopa kwamba nikisema nitampoteza yeye na mkewe, na ile meza yao ndogo ambayo ndiyo ilikuwa nyumbani kwangu hapa mjini.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, kofia ya kufuma imekaa kichwani tangu alfajiri. Jina lake nililijua, lakini hakuna aliyelitumia. Madereva wa malori waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Nakonde walimwita Fundi Viti, Wazambia walimwita bashikulu, yaani babu, nami nilimwita Fundi, ingawa nami nilikuwa fundi. Mimi nilishona magauni na sare za shule, yeye alishona viti vya magari. Vibanda vyetu viligawana ukuta mmoja wa mbao wenye tundu, na kwenye tundu hilo tulipitishiana mkasi, sindano na umbea. Alinitania kwa Undali wangu na kwa mkono wangu wa shoto. Alisema mtu wa Ibaba, milimani kwetu Wandali, hata akitembea uwanjani anainua magoti kama anapanda mlima, na akiongezewa shoto ndiyo basi tena. Nikimuuliza yeye kwao ni wapi, alijibu, "Barabarani," kisha akarudi kwenye sponji yake.

Cha ajabu ni kwamba hakujua kuendesha gari, na safari aliziogopa. Magari aliyajua yakiwa yamesimama. Aliingia ndani ya basi lililozimwa kama mtu anayeingia sebuleni kwake, akavua viatu mlangoni, akapita kiti hadi kiti akibonyeza na kuguna. Dereva akiwasha injini tu, Fundi ameshashuka. "Likianza kutembea si langu tena," alisema, "hapo ni la Mungu na la serikali."

Na serikali hiyo aliitukana kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Kila kanuni mpya ya magari aliiita barua. Redio ikitangaza agizo fulani, nilimsikia ng'ambo ya ukuta akitupa nyundo chini.

"Mndali! Umesikia? Wameleta barua nyingine!"

"Inasemaje, Fundi?"

"Inasema tufe njaa. Kesho watataka gari liwe na godoro nje."

Baada ya hapo alivuka barabara kwenda kuitafuta hiyo barua kwenye gazeti, akaisoma mara tatu huku akisogeza midomo, akaikata kwa mkasi wangu mzuri wa vitambaa, jambo nililomkataza kila mara, na kuibandika ukutani. Wenye magari wakija kumuuliza kilichoamriwa, aliwaeleza neno kwa neno kama aliyeiandika yeye. Nilimwambia siku moja kwamba mtu hawezi kuitukana barua na kuibandika. Akanitazama kwa mshangao.

"Kuitukana ni kazi ya mdomo," akasema. "Lakini barua hizi haziandikwi bure, Mndali. Kila moja ina mtu ndani yake. Kuna mtu alikufa mahali, ndiyo wakaandika."

Aliyaona magari kabla ya barua, akayasimulia bila kuyatamani. Watu walikwenda Ndalambo juu ya malori, wamekaa juu ya magunia ya mahindi, akina mama na vitoto vyao, na lori likipinda wote wanainama upande mmoja wakicheka kwa hofu. Mabasi yalijengwa juu ya fremu za malori, na mgongo wa kila kiti ulikuwa na bomba tupu la chuma lililomkabili abiria wa nyuma. "Meno ya watu yalibaki kwenye lile bomba," alisema, akionyesha kwa kidole kwenye meno yake mwenyewe. Kabla barua yoyote haijamtaka, alianza kuyavika yale mabomba mabaki ya sponji. Tajiri mmoja akamwambia hakuagiza sponji. Fundi akamjibu, "Hiyo si yako, ni ya yule atakayekaa nyuma."

Baadaye zikaja barua za mwendo. Madereva walifungiwa vidhibiti, wakajifunza kuvikata nyaya. Ikaja barua ya kuwakagua, wakajifunza kuvirudisha kwa muda kituoni na kuvikata tena mbele ya safari. Fundi aliwajua wote, aliwakatalia kushona viti vyao, kisha akawashonea, maana alikuwa na moyo laini kuliko maneno yake. Yeye mwenyewe alipanda bodaboda bila kofia ngumu miaka mingi, akidai kichwa chake kina kofia tayari. Polisi walipomsimamisha alitoa hotuba kuhusu dini mpaka wakamwachia. Mkewe ndiye aliyemshinda. Alimnunulia kofia ngumu kubwa, ikakaa juu ya ile ya kufuma, na mtaa mzima ukatoka nje kumwona.

Mkewe tulimwita Mama, sisi wote wa pale, wakubwa kwa wadogo. Kila mchana alituletea chakula, wali wa Kamsamba na maharage, au ugali na mboga ya maboga, sahani yangu imefunikwa kwa sahani ya buluu. Sikuwa binti yake wala sikumlipa. Siku ya kwanza alinikuta nakula mhogo mkavu nimesimama, akauliza kwetu ni wapi, nikamwambia Ibaba. Akasema, "Basi hapa si mbali. Kaa." Tangu siku hiyo nikakaa. Nguo zake zote nilizishona mimi, na pindo zake nilizishona kwa mkono, alivyopenda.

Sasa nifike pale ninapochelewesha kufika.

Ikaja barua ya mikanda. Si kwa dereva na wa mbele tu, kila abiria wa basi afungwe mkanda. Fundi aliitukana siku mbili nzima. Wiki ya ukaguzi ilipokaribia, matajiri wakamiminika. Mkanda wa kweli unataka kung'oa kiti, kutoboa sakafu, kuweka bamba la chuma chini yake na kukaza bolti. Hiyo ni kazi ya siku mbili kwa gari moja, na magari yalikuwa yamepanga mstari. Tajiri mmoja mwenye Kosta ya Ndalambo akasema, "Fundi, wee shona tu. Wanaangalia kama ipo. Bolti tutatia tukipata nafasi."

Fundi alikuna kidevu. Najua alijua si sawa. Akasema, "Tutazungushia kwenye bomba la kiti. Mara tatu, uzi wa nta. Itashika kidogo, mpaka tutie bolti." Akaniomba nimsaidie, kwa kuwa mikanda ile cherehani haikuiweza, ilitaka sindano ya magunia na mkono. Akanipa safu ya mbele, yeye akachukua nyuma. Akanionyesha: ingiza chini, zungusha bomba, rudisha, mara tatu, funga.

Nilivifanya vizuri viti vyote isipokuwa kimoja. Kile cha nyuma ya dereva, upande wa dirisha, bomba lake lilikuwa limebanwa na ukuta wa gari. Vidole vyangu havikufika. Nilijaribu, nikajichoma, nikajaribu tena. Ningemwita Fundi angekuja akakifungua kile kiti. Lakini nilikuwa na sare za shule zinanisubiri, na kiburi pia. Nikashona mkanda kwenye kitambaa cha kiti tu, mishono mingi, mizuri, iliyopangika. Ukiutazama ulikuwa mkanda. Hata kifungio chake kilifunga kwa mlio. Fundi akapita akatazama, akasema, "Mshono mzuri, Mndali." Nikarudi kwenye sare zangu.

Kosta ikapita ukaguzi. Bolti hazikupatiwa nafasi.

Haukupita mwezi, Mama akaenda Ndalambo kwenye msiba wa rafiki yake. Fundi alimsindikiza kituoni, akamchagulia kiti mwenyewe, cha nyuma ya dereva, dirishani, apate hewa. Nilikuwa kibandani napiga pasi, sikujua amepanda gari gani. Njiani ng'ombe waliingia barabarani, dereva akawakwepa, Kosta ikatumbukia mtaroni. Hakufa mtu. Waliokaa nyuma walitoka na michubuko, mikanda yao imewashika. Mama alirushwa mpaka kwenye kioo cha mbele, nyonga ikavunjika.

Tulipofika hospitali alikuwa amelazwa chali, uso umevimba, mkono mmoja chini ya shuka. Hakuutoa hata nilipomshika bega. Alimtazama mumewe akasema, "Nilifunga, baba. Nilifunga kama ulivyoniambia." Fundi akakaa chini sakafuni, pale pale kati ya vitanda, mbele ya wauguzi.

Kesho yake tulikwenda ilikovutwa ile Kosta. Mkaguzi wa magari alikuwepo, kijana mpole mwenye daftari, na tajiri naye alikuwepo, akisema maneno mengi. Kile kiti kilikuwa na tundu kwenye kitambaa, mahali ambapo mshono wangu ulikuwa. Mkaguzi akauliza, "Nani aliishona hii mikanda?" Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Mimi," Fundi akasema. "Yote. Hakuna mkono mwingine humu."

Nikaufunga mdomo. Tangu siku hiyo sikuacha kuisikia sauti ya mdomo wangu ukifunga.

Alilipa faini bila kubisha, akarudi akafunga kibanda, akatoa karatasi. Akaandika kwa kumbukumbu kila gari alilowahi kulishonea mkanda. Kisha akayafuata. Aliyafuata stendi, gereji, Mpemba, hadi Isongole alikwenda, yeye aliyeogopa safari, kofia ngumu juu ya kofia ya kufuma. Aliukata kila mshono wake kwa kisu, akatoboa sakafu, akatia bamba na bolti. Wenye magari walimfukuza, akarudi. Mmoja alimwita mwehu, akamjibu, "Ndiyo, lakini simama nitoboe." Nilikwenda naye kila nilipoweza. Nilishika bamba kwa chini wakati yeye anakaza kwa juu, vumbi la chuma likiniingia machoni, na kila bolti iliyokazwa nilihesabu kwamba huenda inanipunguzia hatia. Haikupunguza.

Hapo ndipo alipoanza ule wimbo wake. Akimaliza mkanda anaushika kwa mikono miwili, anaweka mguu kwenye kiti na kuvuta kwa nguvu zote, uso umekunjamana. Kisha ananipa mimi. "Vuta." Navuta. "Vuta tena." Navuta tena. Baada ya muda ikaja barua nyingine, kwamba mikanda ifungwe kwenye chuma na mkaguzi aijaribu kwa mkono. Yule kijana mwenye daftari akaja kibandani kumwomba Fundi amwonyeshe inavyovutwa. Hiyo barua Fundi hakuitukana. Aliibandika katikati ya ukuta, akasimama kuitazama kwa muda, na nilijua anamwona nani ndani yake.

Mama alirudi nyumbani na fimbo. Ilikuwa fimbo ya mninga yenye kitanzi cha ngozi cha kuingizia mkono, isianguke akishika sufuria. Nilidhani chakula kitakoma. Badala yake alianza kuileta sahani yangu yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, fimbo ikigonga saruji, sahani ya buluu juu. Alikuwa na nyumba yenye watoto wa kuwatuma, lakini alikuja mwenyewe. Aliiweka mezani kwangu akasema kila siku neno lile lile: "Kula, Mndali. Usije ukatushonea kwa njaa." Akacheka. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa, kila tonge linashuka na jiwe lake, nami nikijua kwamba akijua hatanipikia tena. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, mwaka baada ya mwaka.

Mama alifariki kwa sukari. Fundi akabaki kibandani, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Mabasi yalianza kuja yametimia, mikanda imekazwa kiwandani, migongo ya viti laini, na kile kifaa kinachopiga kelele dereva akizidisha mwendo. Abiria waliozoea kuwahimiza madereva wakimbie wakaanza kuwapigia kelele wapunguze. Fundi alisimama stendi akayatazama mabasi hayo kwa wivu na furaha vikiwa vimechanganyika. Aliniambia, "Wameniondoa kazini, Mndali. Barua zote zile, kumbe zilikuwa za kunifukuza mimi." Alikuwa anacheka. Mwaka ule ule binti yake alimchukua kwenda kuishi naye Vwawa, nami nikabaki na tundu ukutani ambalo hapakuwa na mtu ng'ambo yake. Nililiziba kwa kitambaa, nikalizibua. Nilimkosa kiasi kwamba nilikuwa naongea na ukuta.

Mwaka jana nikaenda kumwona. Nilipanda basi la asubuhi, nikapapasa bolti, nikafunga, nikavuta. Baada ya Mpemba kengele ya mwendo ililia mara moja, na bibi mmoja mwenye kuku alimwambia dereva, "Weee, tuna watoto." Dereva akapunguza. Nilitamani Fundi angemsikia.

Nilimkuta amekaa kibarazani, macho yamefifia kwa mtoto wa jicho, ile fimbo ya mninga mkononi. Nikampa shikamoo. Aligeuza sikio.

"Marahaba. Huyo anatembea anapanda mlima," akasema. "Mndali. Umekuja na nini?"

"Na basi, Fundi."

"Ulifunga?"

"Nilifunga."

"Ulivuta?"

Hapo nikashindwa. Nilipiga magoti kwenye saruji nikamwambia yote bila kupumzika, kile kiti, bomba ambalo vidole havikufika, sare za shule, kiburi, kitambaa tu. Nikamwambia ni mimi niliyemvunja Mama. Nikamwambia angeweza kunifukuza sasa, na ningeondoka. Nililia kwa sauti mpaka binti yake akachungulia mlangoni, naye Fundi akampungia mkono arudi ndani.

Alielekeza fimbo ndani. Kisha akasema, "Kwenye kabati, droo ya chini. Kuna bahasha."

Ndani ya bahasha palikuwa na kipande cha mkanda mweusi, urefu wa kiganja, na mwishoni mwake mishono yangu, mingi, mizuri, yote imelalia upande mmoja. Fundi alikichukua akakipitishia kidole gumba.

"Mshono wa shoto unalala kinyume," akasema. "Duniani nilikuwa na jirani mmoja tu wa shoto."

"Kwa hiyo ulijua. Tangu pale kwenye gari."

"Kabla ya hapo. Alinionyesha Mama yako, usiku ule ule hospitali, nilipobaki naye peke yangu. Mkanda ulikuja naye, alikuwa ameushika chini ya shuka. Pindo zote za nguo zake ulishona wewe, angeacha kuujua mkono wako?" Akakikunja kile kipande. "Akaniambia, baba, tusimwambie. Tukimwambia atarudi kwao, na kwao hataishika tena sindano. Mimi nitampelekea chakula mwenyewe, asije akadhani."

Sahani ya buluu ilinijia machoni, na ile hatua, na fimbo ikigonga saruji. Kila mchana, kwa miaka yote ile, na nyonga ile. Nilikuwa nimekula msamaha wake sahani kwa sahani nikidhani naiba.

"Na kosa lilikuwa langu, Mndali," Fundi akaendelea. "Kushona badala ya bolti nilikubali mimi. Usinipokonye kosa langu, nimelibeba mpaka nimelizoea."

Binti yake alituletea chai. Nilipoinuka kuaga, naye aliinuka, akaingiza mkono kwenye kitanzi cha fimbo. Ngozi ilikuwa imelika, imebaki kwa uzi mmoja.

"Una sindano?"

Fundi cherehani hatembei bila sindano. Nikakaa tena, nikakishona kile kitanzi kwa uzi niliokunja mara nne, nikizungusha kwenye kipete cha chuma cha fimbo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mkono wangu wa shoto. Nikampa. Aliupapasa mshono wote kwa kidole gumba, taratibu. Akaweka mguu kwenye ncha ya fimbo, akakishika kitanzi kwa mikono miwili na kuvuta, uso umekunjamana vile vile kama zamani. Kikashika. Akavuta tena.

Kisha akaingiza mkono wake ndani, tukatoka pamoja, akanisindikiza kituoni.